Kulala kwenye Kona

Jirani yetu mpiga pasi, mwanamke asiyeishiwa maneno, anasema kaka alilala. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, akiwa dirishani na suruali ya mtu mezani: kaka anateremka na pikipiki yake, kifua juu ya tangi, kichwa chini, na alipofika kwenye kona ya mnara wa maji alikuwa tayari anakoroma. "Anakoroma, ndugu yangu," humwambia kila anayeleta nguo. "Nilimsikia kutoka hapa hapa." Ukimuuliza alisikiaje koromo la mtu aliyevaa helmeti, katikati ya mlio wa pikipiki, anaweka pasi chini na kukutazama kama vile wewe ndiye uliyemsukuma. "Kijana alilala, pikipiki ikaenda yenyewe, ikafika ilipofika. Kwani pikipiki ina macho?"

Kisha huongeza ile inayowachekesha watu: kwamba kaka, aliyekuwa akiwapelekea watu miwani majumbani, macho yake mwenyewe aliyasahau dukani.

Watu hucheka, halafu hukumbuka kwamba anayesemwa yuko nyuma ya ukuta, hajafa, na masikio anayo. Ukuta wetu na wa mpiga pasi ni mmoja. Akiitua pasi yake kwa nguvu, maji yanatikisika kwenye glasi ya kaka.

Neno lenyewe hakulibuni. Siku ile vijana wa pikipiki waliokuwa wamekaa kando ya kona walikimbia wakipiga kelele, "Angelala! Angelala tu!" Kwa watu wa pikipiki kulala siyo kusinzia. Ni kuiinamisha pikipiki upande wa kona, wewe na yenyewe mkawa kitu kimoja, ili ikuzungushe badala ya kukutupa. Vijana walikuwa wanasikitika kwamba hakulala. Mpiga pasi akadaka kichwa cha neno, mkia akauacha barabarani, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kaka alisinzia kazini. Duka la miwani nalo likajua. Walimtuma mtu kuchukua mkoba wao. Alisimama mlangoni, akasema poleni, akakataa kiti, na huo ndio ukawa mwisho wa duka la miwani.

Kaka aliporudi kutoka hospitali hakuwa anasema. Siyo kwamba ulimi ulikuwa na tatizo. Daktari alimwambia mama kuwa ulimi ni mzima, mikono ni mizima, ila miguu haitarudi. Mama anafua mashuka katika hospitali hiyo hiyo, kwa hiyo daktari hakumzungusha kwa maneno ya kupambapamba. Alimwambia yamebaki mambo mawili: ngozi isioze, na moyo usikate. La ngozi nikakabidhiwa mimi. Nilifundishwa kumgeuza ubavu huu, kisha ubavu ule, kumfuta, kumkausha, kumwekea mto kati ya magoti ili mfupa usile mfupa. La moyo hakukabidhiwa mtu.

Nami nilikuwa naona. Mama anatoka alfajiri, anarudi amechoka, anamwangalia mwanawe kutoka mlangoni kama mtu anayechungulia sufuria. Mimi ndiye niliyeshinda naye. Niliona anavyoutazama ukuta. Niliona kijiko kinavyorudi kimejaa nusu, kisha kinavyorudi kimejaa. Mtu akishafunga mdomo kwa maneno, kinachofuata ni kuufunga kwa chakula. Nikawa nataka jambo moja tu: aseme. Hata anitukane.

Pikipiki ilirudishwa na Fundi Nati, rafiki yake, ambaye jina lake la nyumbani sidhani kama analikumbuka mwenyewe. Aliinyoosha usukani, akabadilisha mkono wa breki uliokatika, akaisukuma mpaka uani kwetu na kuiegesha chini ya dirisha la kaka. Ni pikipiki ndogo ya michezo, nyekundu, ya kuiendesha umeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Mama alipoikuta alishika kiuno.

"Umeniletea muuaji nyumbani?"

"Mama, ni mali ya mwanao," Nati alisema. "Kwangu siwezi kukaa nayo. Inaniangalia."

"Basi huku itamwangalia nani?"

Nati alikunja mikono akaondoka, na pikipiki ikabaki, imekula vumbi, ubavu mmoja umechunika mpaka plastiki nyeupe.

Siku moja nikaamua kuiosha. Sikuwa na sababu zaidi ya kwamba uani palikuwa pachafu nami nilikuwa na ndoo mkononi. Nikamwaga maji kama unavyomwagia mkeka, mbele, juu, nyuma. Ndipo sauti ikatoka dirishani, imeshika kutu.

"Usimwage maji kwenye ekzosi."

Nilisimama na ndoo hewani. Nikaogopa hata kugeuka, nisije nikaitisha ile sauti ikarudi ndani.

"Niyamwage wapi, kaka?"

Kimya. Nikauliza tena kwa adabu, nianzie juu au chini. Kimya. Nikachota maji, nikayapeleka tena kule kule kwenye bomba la ekzosi.

"We Kobe! Nimekwambia nini? Ziba hilo tundu kwanza. Funga mfuko. Maji yakiingia mle yanakula chuma kwa ndani."

Kobe ni mimi, mdogo wake wa kike. Alinipa jina hilo tangu utotoni kwa sababu ya taratibu zangu, na sikuwa nimelisikia tangu aanguke. Nilifunga mfuko kwenye ekzosi. Nikawa nimejua: swali analiacha lipite. Kosa halimpiti.

Kuanzia hapo ikawa kila nikishamgeuza na kumfuta, natoka uani kufanya makosa. Mwanzoni sikuhitaji kuyatafuta, yalikuja yenyewe. Nilitazama oili kwenye kile kijicho cha kioo ubavuni mwa injini, nikaona imepungua, nikaenda kuchukua kopo. "Imesimama wima au imeegemea?" akauliza. Ilikuwa imeegemea stendi yake ya upande. "Mtu akilala ubavu, uji tumboni unakwenda wapi? Isimamishe ndipo uangalie." Nikaisimamisha, nikaegemeza nyonga yangu kwenye kiti isianguke, na oili ikapanda kwenye kijicho mpaka katikati. Ilikuwa tele. Ningeongeza ningeiua kwa kuishibisha.

Cheni ilichukua siku nyingi. Niliisugua kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka maji meusi yakaisha, nikaifuta, nikaanza kuipaka oili kwa juu. "Ndani," alisema, "upande unaogusa meno. Ikizunguka itajisambazia yenyewe. Na zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Cheni haina urafiki na vidole." Kisha tukafika kwenye kukaza. Mimi nilidhani kizuri ni kilichokazwa. Nikazungusha nati mpaka cheni ikawa kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa na watu wawili. Nilipoisukuma pikipiki mbele, ikalia.

"Umeikaba," alisema. "Cheni lazima iwe na mchezo, Kobe. Ishike chini katikati, ipandishe, ishushe. Icheze upana wa vidole viwili. Ikikosa mchezo inakatika. Ikizidi mchezo inaruka meno."

"Nitajuaje kama imezidi?"

"Utaisikia."

Mama alirudi siku hiyo mapema kidogo. Alinikuta nimepiga magoti, mikono myeusi, kaka anasema kutoka ndani, "Zungusha tena, pima na sehemu nyingine, cheni hailegei sawasawa." Nilimwona mama amesimama kwenye kijia na kikapu chake, hapumui. Nilijua anavyoichukia ile pikipiki. Nikasubiri aseme. Aliweka kikapu chini pole pole, akakaa juu ya kizingiti, akajifunika uso kwa upande wa kanga yake. Alikaa pale mpaka kaka akamaliza habari za cheni. Kisha akaingia ndani na kumuuliza kama anakula, naye akala.

Kwa hiyo niliposema nataka kujifunza kuendesha, mama hakukataa. Alisema tu, "Kidude hiki kimenilia mmoja, sasa kinamtaka na wa pili."

"Mama, sijafa," kaka alisema.

"Ndiyo. Ndivyo unavyosema."

Nati alikuja jioni za siku ambazo gereji haina kazi. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa ghala lililofungwa, na barabara ndogo inayotoka pale, inapita chini ya dirisha la kaka, inapanda mpaka kwenye mnara wa maji. Kaka alimwambia Nati asinifundishe kitu, anishikilie tu nisianguke. Mafunzo yatatoka dirishani.

Na kweli yalitoka dirishani. Kaka hakuwa anaona uwanja. Alilala ubavu uliotazama ukuta au ubavu uliotazama dirisha, kutegemea saa ya kumgeuza, na alinifundisha kwa masikio. Naachia klachi, injini inazimika, sauti inatoka: "Umeiachia kama umeungua! Iachie mpaka pale inaposhika, usikie sauti imeshuka, ukae hapo hapo, ndipo uongeze mafuta." Nikaongeza mafuta kabla ya klachi, pikipiki ikapiga kelele kama mwizi. "Unamtishia nani?" Nikachelewa kubadilisha gia. "Inalia, Kobe. Inakuomba gia ya pili, ipe."

Nati alikuwa anakimbia nyuma amekamata kiti, jasho linamtiririka. "Hii ni pikipiki, siyo ng'ombe," alinifokea. "Acha kumvuta pembe!"

"Nati, nyamaza," dirisha likasema. "Kobe, uzito wako usiuweke kwenye mikono. Pikipiki hii imekuinamisha, mikono itataka kubeba kifua. Usikubali. Viwiko viwe laini, kama umempakata mtoto aliyelala. Tumbo ndilo libebe. Na bana tangi kwa magoti."

"Nimebana."

"Hujabana. Nakusikia unayumba. Bana kwa ..." Akanyamaza. Nilisimamisha pikipiki chini ya dirisha nikamwona anayatazama magoti yake mwenyewe chini ya shuka, pale nilipoweka mto asubuhi. Akasema kwa sauti nyingine, "Mwambie Nati akuonyeshe."

Upande wa pili wa ukuta, mpiga pasi naye alikuwa anafuata masomo. Siku moja nilipopita na nguo za kufua alinishika mkono. "Shoga, niambie ukweli. Huyo anayekufundisha ndiye yule aliyelala?"

"Ndiye."

"Na wewe unamsikiliza?" Akacheka, lakini hakuuachia mkono. "Mwambie nimeanza kuelewa habari za klachi. Mwambie anapunguza sauti siku hizi, sisi wengine hatusikii vizuri."

Ni yeye aliyeliona kabla yangu, au tuseme alilisikia. Sauti ilikuwa imepungua.

Kidonda kilianza kama doa jekundu juu ya kitako, pale mfupa unapokaribia ngozi. Nilikiona siku ile ile kilipoanza. Nikazidisha kumgeuza, nikamwekea mto wa pamba, nikakipepea, nikakikausha. Doa likawa malengelenge, malengelenge yakawa tundu. Muuguzi, rafiki wa mama, alikuja na vifaa vyake kwenye mfuko wa soko, akakisafisha, akaingiza kijiti cha pamba. Kijiti kiliingia, kikaingia, mama akageuza uso. Kaka alikuwa anatazama dirisha na wala hakukunja uso, kwa sababu upande ule hausikii kitu. Hilo ndilo baya lake: hakuna kinachomwambia aondoke kwenye maumivu.

"Arudi wodini," muuguzi alisema.

"Sirudi," kaka alisema.

"Mdogo wangu, kimefika kwenye mfupa."

"Nimesikia. Sirudi kule."

Muuguzi alimtazama mama ili mama amlazimishe. Mama alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Mashuka ya wodi ile nayafua mimi," alisema. "Najua yanavyokuja na najua yanavyoacha kuja." Hakusema zaidi, na muuguzi hakumlazimisha. La kuvunda halina ubani. Walinifundisha kubadilisha bandeji, nami nikajifunza, na homa ikaanza kuja mchana na kwenda, kama mgeni aliyezoea nyumba.

Katika siku hizo ndipo nilipomuuliza. Nilikuwa nimemgeuza kuelekea dirishani, na pasi ya jirani inagonga.

"Kaka, ulilala kweli?"

Alicheka. Kicheko kilimtoka puani, kidogo, lakini kilikuwa kicheko. "Ningelala siku ile, leo ningekuwa nasimama."

Akanieleza. Lori lilikuwa limemwaga mchanga kwenye kona. Siyo mwingi. Mchanga wa kujaza karai. Ungeweza kupita pembeni yake na mkoba wako wa miwani bila hata moja kugongana. "Lakini niliuangalia, Kobe. Kosa ni hilo tu. Pikipiki inakwenda unakoangalia. Ukiangalia shimo, utaingia shimoni, hata kama barabara ina upana wa uwanja. Nikauangalia mchanga, nikaogopa kulala, nikaisimamisha wima na kukamata breki ya mbele, yote, kwa mkupuo mmoja. Ndani ya kona, juu ya mchanga. Hata aliyejifunza jana hafanyi hivyo." Akapumzika. "Breki ni kabla ya kona. Unaibana kama unakamua kitambaa cha mtoto, taratibu, kisha zaidi. Ukishaingia kona huna breki tena. Una macho na kulala. Basi."

"Nami nikifika pale?"

"Utatazama kona inapoishia. Siyo ilipo. Inapoishia. Kichwa kigeuke, siyo macho tu. Sukuma mkono wa upande unaotaka kwenda, itainama yenyewe. Wewe usibishane nayo. Lala nayo."

Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyosema tangu aanguke, na yalimchosha mpaka akakosa nguvu ya kunywa maji.

Nilijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Sikuwa nimelitarajia hilo. Mikono ilizoea klachi, mguu ukazoea gia, viwiko vikalegea. Nati hakushika tena kiti, akawa anakaa kwenye tofali anavuta sigara yake na kunitazama. Nilizunguka uwanja, nikapita chini ya dirisha, nikasubiri sauti. Sauti haikuja. Nikazunguka tena. Haikuja. Nikaingia ndani nikidhani amesinzia, nikamkuta macho wazi.

"Mbona husemi?"

"Sina la kusema. Umeendesha vizuri."

Nilikwenda kusimama uani na ile sifa yangu. Jioni alirudisha kijiko kimejaa.

Kesho yake nikaachia klachi kama nimeungua. Injini ikazimika. "Taratibu," ikasema sauti. Nikalegeza cheni kidogo, si ya kuruka meno, ya kulia tu nikipunguza mafuta. "Cheni," alisema, "angalia cheni." Nikachelewesha gia ya pili mpaka injini ikapiga mayowe, na Nati akainuka kwenye tofali lake, ananitazama kama nimeingiwa na wazimu. Mchana huo kaka alikula robo ya sahani. Nikapanga makosa ya siku inayofuata wakati nafua bandeji, moja moja, kama mtu anayepanga vyombo: hili la asubuhi, hili akishageuzwa, hili homa ikipanda.

Sikufika mbali. Nilikuwa nimeingiza gia bila kubana klachi yote, gia ikasaga, nikaja chini ya dirisha nikisubiri.

"Ingia ndani," alisema.

Nikaingia na helmeti kwapani.

"Hilo umelifanya makusudi."

"Hapana, kaka, mkono umechoka ..."

"Mkono uliochoka unakosea mwishoni. Wewe unakosea ukikaribia dirisha." Alikuwa amelala ubavu, shavu kwenye mto, ananitazama kwa jicho moja. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. "Unanipa kazi. Kama watu wanaompa mtoto kijiko ashike wakati wanapika."

Niliweka helmeti chini.

"Unaiumiza pikipiki kwa ajili yangu. Meno ya gia hayajui kama ni huruma. Usifanye tena."

"Basi utasema nini?"

"Sijui," alisema. "Usifanye tena."

Nikairudisha cheni kwenye mchezo wake, vidole viwili. Nilipima sehemu zote kama alivyonifundisha. Hakuna sauti iliyotoka, maana hakukuwa na kosa.

Siku zilizofuata muuguzi alikuja mara kwa mara, na alipokuwa akitoka hakuwa anamwambia mama "atapata nafuu" tena. Alikuwa anamshika bega tu. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Mpiga pasi alileta mashuka yetu aliyoyapiga pasi bila kuombwa, yamekunjwa pembe kwa pembe, akayaweka mlangoni. Alitaka kuingia, akachungulia, akaishia kwenye kizingiti. "Mwambie namsalimia," alisema. Barabarani nilimsikia anamwambia mteja wake kwamba kijana alilala, maskini, alilala. Aliendelea kulisema hivyo hivyo, ila hakucheka tena.

Kona nilikuwa sijaipita. Nati alisema nipo tayari. Basi jioni moja, mama amerudi, amekaa kando ya kitanda na beseni anakamua kitambaa cha kumpoza homa, nikapitia kichwani yote niliyoifanyia pikipiki asubuhi: upepo niliupima tairi likiwa baridi, oili nimeitazama imesimama wima, breki zote mbili nimezibana, cheni inacheza. Nikavaa glavu na helmeti. Nikasema kwenye dirisha, "Naenda mpaka kwenye mnara."

Nikawasha injini. Nikapanda.

Barabara inapanda polepole halafu inakata kulia. Kabla ya kona nilibana breki, taratibu, kisha zaidi, nikashusha gia. Mchanga ulikuwepo, kidogo, wa siku nyingine, malori bado yanapita pale. Niliuona kwa pembe ya jicho na nikaukataa. Niligeuza kichwa kule kona inapoishia, kwenye kibanda cha muuza vocha, nikasukuma mkono wa kulia. Pikipiki ikainama. Ardhi ikaja karibu na goti langu. Kila kitu mwilini kilikuwa kinaniambia niisimamishe, nami sikuisimamisha. Nililala nayo. Ikanizungusha kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, bila kumuumiza, na nikatokea upande wa pili nimesimama.

Sikusikia furaha. Nilisikia tu jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

Niligeuka mnarani, nikateremka, nikaipita tena kutoka upande ule aliokuja yeye siku ile, nikaja kuizima pikipiki chini ya dirisha. Mpiga pasi alikuwa ameacha kupiga pasi. Nikaingia ndani bila kuvua helmeti, nikaivulia mlangoni mwa chumba chake.

Kaka alikuwa macho. Homa ilikuwa imeyang'arisha macho yake mpaka yakaonekana ya mtu mwenye afya.

"Umelala vizuri," alisema. "Nimesikia. Hukugusa mafuta mpaka ulipotoka."

"Ndiyo."

"Kwenda na kurudi."

"Ndiyo, kaka."

Mama alikuwa ameshika kitambaa juu ya beseni, hakamui tena. Kaka alinyoosha mkono, ule mwembamba, akagusa glavu yangu, akaugeuzageuza mkono wangu kama anayepima kitu.

"Sasa nipakie," alisema.

Nilidhani homa imesema. Lakini alikuwa anaongea taratibu, kama siku zile za cheni, neno baada ya neno, kila moja mahali pake.

"Nati ataninyanyua. Mtanikalisha nyuma yako. Mama ana ile kanga nene, mtanifunga nayo mgongoni mwako kama mtoto, na miguu mnaifunga kwenye vyuma isining'inie. Abiria hana kazi kubwa, Kobe. Asibishane na dereva tu. Ukiinama, nainama. Mimi sitakuangusha. Najua pa kulala."

"Mwanangu," mama alisema, "huwezi kukaa. Huo mgongo ..."

"Mpaka kwenye kona tu, mama. Kwenda na kurudi. Sitarudi kuomba tena."

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji sakafuni. Niliangalia kitanda, mto kati ya magoti yake, bandeji niliyoifunga mchana na ambayo tayari ilikuwa imelowa. Nje Nati, aliyekuwa amebaki uwanjani, alikuwa anaita, anauliza kama nimefika salama.

"Kobe," kaka alisema. "Nakuomba. Unanisikia?"